Ekuru ya bomba la moshi ni shauri la mapafu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto mnaosoma ukurasa huu nyumbani: leo sisemi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Nasema juu ya ekuru, kile chuma kidogo cha pembe sita ambacho wengine wanaita nati, na hasa zile zinazoshika bomba la moshi la motokari ya zamani ya mbio. Mtacheka. Mtasema mganga wa dispanseri ameacha sindano, sasa anatafuta kazi ya garaji. Ngojeni kidogo.

Tunajua wote kwamba mafundi wengi, siku ya posho mchana, wanatengeneza motokari za watu nyuma ya nyumba. Mara moja moja wanaletewa Porsche 911 ya miaka ya 1970, au MGB ya Kiingereza, ambayo mwenyewe anaitunza kama urithi wa baba yake. Mtu huyo anachagua rangi kwa siku tatu. Anachagua viti. Akiulizwa juu ya ekuru za bomba la moshi anajibu, «Weka yoyote.» Mwingine, mwenye feza, anajibu, «Weka inoksi, zing'ae.» Mimi ninakataa majibu yote mawili, na sababu yangu iko katika damu.

Moshi wa motere ya esanse ya zamani, yenye karburatere na isiyo na chombo cha kusafisha moshi, unabeba monoksidi ya kaboni nyingi, mara nyingi sehemu kadhaa katika kila 100. Hewa yenye sehemu 1 tu katika 1000 inaweza kumwua mtu kwa masaa machache. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu. Tunayonusa katika moshi ni vitu vingine. Mfaransa Claude Bernard alionyesha katika miaka ya 1850 namna inavyoua: inashika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa.

Watu wa shimoni hawahitaji kufundishwa. Gesi hiyo hiyo inabaki baada ya kulipua mawe, ndiyo maana tunangoja hewa isafishwe kabla ya kurudi. Uingereza, mwisho wa karne ya 19, daktari John Scott Haldane alishauri wachimbaji wabebe ndege wadogo, kwa kuwa ndege anaanguka kabla ya mtu. Mashimo ya makaa ya kule yaliendelea na ndege hao mpaka miaka ya 1980. Lakini mtu anayejihadhari shimoni siku 6, siku ya mungu anawapakia watoto katika motokari ambayo jointi ya bomba inavuja, na hana ndege wala kipimo.

Sasa tuangalie hiyo Porsche 911. Ilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na kwa miaka mingi motere yake ilipozwa kwa upepo, bila maji, kama Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo ambayo wazee wetu wanaijua vizuri. Motere isiyo na maji haina maji ya moto ya kupasha joto ndani ya motokari. Wajerumani wakafanya hivi: bomba la moshi likavikwa koti la bati, upepo ukapitishwa kati ya bomba na koti, ukapata moto, ukaingia miguuni mwa shoferi. Ni akili sana. Lakini angalia nini kinatenganisha moshi na mtoto aliyekaa nyuma: bati moja la bomba, jointi 6 na ekuru 12, mbili kwa kila silinda.

Kama bomba limetobolewa na kutu ndani ya koti, moshi unaingia katika hewa ya joto moja kwa moja, na hapo ekuru haisaidii, ni kubadilisha kitu kizima. Kama ni jointi inavuja kwa sababu ekuru zimelegea, moshi unazunguka chini ya motere, na ukikuta mabati ya kutenganisha yamekosekana au mipira yake imekauka, feni inaweza kuuvuta na kuupeleka ndani. Kwetu Lubumbashi na Kolwezi joto hilo halifunguliwi mwaka mzima. Linafunguliwa mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, wakati wa baridi, na vioo vyote vimefungwa. Ni saa ile ile watoto wanapelekwa shule.

Tuje kwenye ekuru zenyewe. Mwenye kusema «weka yoyote» atapewa ekuru ya kawaida ya sokoni, iliyopakwa zinki. Zinki inayeyuka kwa digri 419, na karibu na mlango wa silinda joto linaweza kupita hapo. Ngozi hiyo ya zinki inaharibika, chuma kinabaki uchi, kutu inakula meno, na baada ya mwaka mmoja ekuru na gujoni vimekuwa chuma kimoja. Kuna pia ile yenye pete ya nailoni ndani isilegee. Ni nzuri mahali pa baridi. Kwenye bomba la moshi nailoni inalainika na kuungua, na ekuru inabaki bila kitu cha kuishika.

Na inoksi? Najua nitagombana na watu hapa. Inoksi haiogopi kutu, na inapendeza macho. Ubaya wake ni kwamba inoksi ikisuguana na inoksi, meno yanang'atana. Fundi anakaza nusu, inakwama, hairudi nyuma wala haiendi mbele. Akilazimisha, gujoni inakatika ndani ya kichwa cha aluminiamu. Kwa siku ya maonyesho itang'aa sawa, lakini hakuna anayeiona pale chini.

Ekuru iliyochaguliwa na Wajerumani kwa kazi hii ni ya chuma kilichopakwa shaba nyekundu, ya milimita 8, yenye meno yaliyobanwa kidogo ili ishike bila pete. Mahali ambapo ufunguo wa kawaida haufiki wanatumia ekuru ndefu ya mviringo, yenye tundu la pembe sita. Shaba inayeyuka karibu na digri 1085, hivyo joto la bomba haliiondoi. Ni laini, inateleza juu ya meno ya chuma, na inazuia vyuma viwili kushikana. Ndugu, shaba yetu hii tunayoitoa ardhini kila siku, ngozi yake nyembamba kuliko karatasi ndiyo inafanya fundi afungue kwa mkono kitu ambacho kingehitaji moto.

Waingereza walichagua njia nyingine. Kwenye MGB, iliyotengenezwa Abingdon toka 1962 mpaka 1980, bomba linafungwa kwenye chuma cha kumimina kwa ekuru za letoni, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. (Kipushi ilitoa madini hayo yote mawili kwa miaka mingi, kazi yake ilisimama 1993, ikaanza tena 2024.) Letoni haishiki kutu na gujoni, na ikilazimishwa, meno yake yanaharibika kwanza na gujoni inabaki nzima. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya chuma, ndiyo maana ekuru hizo zinafanywa ndefu, zishike meno mengi. MGB inapasha joto kwa maji, lakini moshi unaovuja chini ya kapo unaweza kupita katika kila tundu la waya ambalo mpira wake umetoka. Basi letoni kwa Mwingereza, chuma chenye shaba kwa Mjerumani. Usivichanganye kwa kuwa dukani kimoja kimekwisha.

Kuna jambo moja ambalo linanihuzunisha zaidi, nalo ni kufungua. Ekuru mbaya iliyowekwa leo itafunguliwa kesho na kijana mwingine, chali chini ya motokari, na ikikataa ataleta moto wa kuchomea. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe. Baada ya masaa machache, jioni, kijana anasikia kiu, ladha ya chuma mdomoni, baridi inamtetemesha, homa inapanda. Nyumbani wanasema ni malaria, wanampa vidonge. Kesho yake au kesho kutwa anapona, wanashukuru vidonge, na juma lijalo anachoma tena. Hiyo ni homa ya mafusho ya zinki. Dispanseri tunapima damu, hatuoni malaria, tunauliza: «Jana ulichoma nini?» Mara nyingi hakuna aliyemwuliza kabla yetu.

Kadmiamu ni mbaya kuliko hiyo. Vyuma vingi vya motokari za zamani vilipakwa kadmiamu, na kwa macho si rahisi kuitofautisha na zinki. Mafusho yake siku ya kwanza yanafanana na homa ndogo, halafu mapafu yanavimba, na mtu anaweza kufa baada ya siku chache. Na wale wanaosema kunywa maziwa kunatoa sumu: maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, hayaendi katika mapafu.

Hivyo usianze na moto. Weka mafuta ya kupenya, acha usiku mzima, rudia, jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Ikikataa kabisa, kata ekuru kwa msumeno au ipasue kwa chombo chake, ukivaa miwani. Jointi za zamani na vitambaa vilivyofungwa juu ya bomba vinaweza kuwa na amianti. Vilowanishe kwa maji kabla ya kugusa, visipulizwe kwa hewa ya kompresa, visifagiliwe vikiwa vikavu, na nguo za kazi hiyo zisipelekwe kwa mama achanganye na za watoto.

Wakati wa kufunga, jointi mpya na ekuru mpya. Ekuru iliyobanwa meno inashika vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili imekwisha kuchoka. Safisha gujoni, paka mafuta ya shaba kidogo tu, kaza kwa ufunguo wenye kupima nguvu, kufuata kitabu cha motokari na si kufuata misuli. Washa motere ikiwa baridi, nje, usikilize. Mlio wa tik-tik unaopungua motere ikipata moto, au alama nyeusi ya masizi pembeni ya jointi, ni moshi unatoka.

Mama, hili ni lenu. Kama kila mkirudi safarini watu wawili au watatu wanaumwa kichwa pamoja, wana kizunguzungu na kichefuchefu, hawana homa, na wanapata nafuu wakikaa nje, msitafute malaria peke yake. Mwenye mimba aende lopitali hata kama anasikia nafuu, kwa kuwa mtoto tumboni anaumia zaidi. Mwambieni mganga wazi: «Tulikuwa ndani ya motokari.» Msimwache aridhike na kile kibanio kidogo cha kidoleni, kwa kuwa kibanio hicho hakitofautishi oksijeni na monoksidi, kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu aliyepata sumu. Dawa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili unahitaji kama masaa 4 mpaka 6 kutoa nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Mafundi wananiambia, «Mwenye motokari hataki kulipa ekuru 12 mpya na jointi 6.» Basi, fundi, usimfungie zile za zamani ukanyamaza. Mwonyeshe masizi. Mwambie asifungue joto, vioo vibaki wazi na watoto wasipande mpaka vitu vimefika, uandike hayo kwenye karatasi ya kazi, naye atie sahihi.