KILA MTU NA KAZI ANAYOIWEZA



Waborana, ambao ndio wengi hapa Kinna, wanajua jambo ambalo wakubwa wengi wa kazi hawajajifunza. Katika visima vyao vya jadi yuko msimamizi aitwaye abba herega. Yeye hupanga zamu: mifugo ya nani inywe leo, na ya nani ingoje. Kazi hiyo haitaki nguvu za kuteka maji. Yataka mtu ajuaye zamu na asiyependelea jamaa zake. Wenye mikono ya nguvu huteka. Kila mmoja yuko mahali pake, na ng'ombe hunywa.

Sasa tutazame kazi za mshahara. Kijana aliyechunga tangu utoto apewa injini ya kisima bila kufundishwa hata siku moja, na fundi aliyesomea injini awekwa langoni kushika kitabu cha wageni. Injini ikifa, watu na mifugo hukosa maji, na anayefukuzwa ni yule kijana. Aliyemweka pale haulizwi neno.

Hatusemi mchungaji hawezi kuwa fundi. Aweza sana, akifundishwa. Twasema asihukumiwe kwa kazi ambayo hakutayarishwa kuifanya.

Sheria iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, yataka kazi za serikali zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamlazimu mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kazi mbovu, amweleze kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Basi ukiitwa ofisini, usiende peke yako.

Madai yetu ni matatu. Mtu aulizwe anajua kazi gani kabla ya kupangwa. Afundishwe kabla ya kukabidhiwa mashine. Na kazi ikimshinda, ajaribiwe penginepo kwanza, asitupwe.

Lakini na sisi tujitazame. Uchaguzi wa tawi ukifika, mara nyingi twampa uweka hazina yule mwenye sauti kubwa. Huyo apelekwe mezani kubishana na mwajiri, na sanduku la fedha apewe mwenye kuandika kila senti. Tukishindwa kupanga watu wetu wenyewe, tutamlaumu mwajiri kwa uso gani?