Dakika mbili zilizoinyima Yanga kombe la Afrika

Yanga waliufunga msimu wa 2022/23 na makombe ya Ligi Kuu na ASFC, lakini vijiweni mjadala haukuondoka USM Alger. Wengi walilia na kanuni ya bao la ugenini. Walifungwa 2-1 kwa Mkapa Mei 28, wakashinda 1-0 Algiers Juni 3 kwa penalti ya Djuma Shabani, jumla 2-2, kombe likabaki kwa Waarabu.

UEFA waliifuta kanuni hiyo 2021, CAF walikuwa bado nayo 2023. Sawa, lakini kila mtu aliijua kabla ya filimbi.

Kombe lilipotea kwa Mkapa. Fiston Mayele alisawazisha dakika ya 82, uwanja ukalipuka. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili. Dakika mbili tu! Ingebaki 1-1, ile 1-0 ya Algiers ingetosha, ingawa nayo pengine ingechezwa kivingine. Timu iliyotoka kusawazisha dakika ya 82 fainali inatakiwa ipoe, ishike mpira, hata kipa ajilaze kidogo.

Na Ihefu nao, Novemba 29, waliikata rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza kwa 2-1 hiyo hiyo.

Nabi aliaga msimu ulipoisha. Mrithi wake hakutakiwa kuanza na mabao alipofika kambini Avic Town, Kigamboni. Mayele pekee alifunga saba kwenye michuano hiyo ya CAF. Alitakiwa aanze na dakika tano baada ya bao.