Dada wa kazi achanjwe, na bosi naye

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa nchini Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Akiianza hapo, anarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane. Kadi ya kliniki nayo ina hesabu yake. Chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, hutolewa mtoto akifikisha wiki 6, 10 na 14. Ile ya surua na rubela husubiri miezi 9, na dozi yake ya pili miezi 18. Kwa hiyo asubuhi ile mama anapomkabidhi dada wa kazi mtoto pamoja na maziwa aliyoyakamua usiku, mtoto ana dozi moja kati ya tatu za kifaduro na hana hata moja ya surua. Kutwa nzima atakuwa mgongoni na mapajani mwa mtu mmoja, wakipumuliana. Kutaka kujua kama mtu huyo amechanjwa ni haki ya mzazi, na kwa maoni yangu ni wajibu wake pia, mradi akubali yote yanayoambatana na sharti hilo.

Kinachoshangaza ni kwamba wazazi wengi wa mijini tayari wanaweka masharti ya afya, ila wanayaweka pasipohusika. Binti akishuka basi kutoka Iringa au Singida, kabla hajaonyeshwa hata jiko lilipo, anapelekwa kupimwa Virusi vya Ukimwi na mimba. VVU haviambukizwi kwa kumbeba mtoto, kumwogesha wala kumlisha uji. Mimba ni hofu ya mwajiri juu ya kazi yake, haina uhusiano na mapafu ya mtoto. Nchini Kenya, sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu apime VVU ndipo apewe kazi. Na baada ya udhalilishaji wote huo, hakuna anayemuuliza binti kama ana kikohozi kilichopita wiki mbili, swali ambalo ndilo lingemsaidia mtoto.

Nianze na kifaduro, kwa sababu ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Kwa mtu mzima mara nyingi ni kikohozi kisichoisha, cha kunywea tangawizi na limau huku kazi ikiendelea. Kwa mtoto wa miezi miwili ni jambo jingine kabisa. Wapo ambao hata kukohoa hawakohoi. Wanaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, wanageuka rangi, na wapo wanaofariki. Mtoto wa umri huo hatoki nje kwenda kuutafuta ugonjwa. Huletewa na watu wa nyumbani. Surua ina tabia nyingine mbaya: virusi vyake hubaki hewani ndani ya chumba kwa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, naye huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kujitokeza. Mzazi anayesema atamzuia dada asimguse mtoto akimwona anaumwa atakuwa amechelewa kwa siku nne nzima. Kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama hupungua kadiri miezi inavyopita, na kwa wengi huwa imeshafifia kabla ya tarehe ya sindano ya miezi 9 kufika.

Wapo watakaosema: binti huyu kazaliwa hapa hapa nchini, alichanjwa utotoni kama sisi sote, sasa mnataka nini tena? Ni kweli kwamba mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975 na umefika vijijini. Lakini dozi ya pili ya surua iliingia kwenye ratiba ya Tanzania mwaka 2014. Binti aliyezaliwa kabla ya hapo, kama hakupitiwa na kampeni za chanjo, huenda alipata dozi moja tu, na dozi moja ya miezi 9 huwakinga watoto takriban 85 kati ya 100. Kinga ya kifaduro nayo hufifia baada ya miaka kadhaa, hata kwa aliyemaliza dozi zote. Kadi ikiwa imepotea, na nani anayetunza kadi ya kliniki kwa miaka 20, hakuna haja ya kumwita binti mwongo. Kuirudia chanjo ya surua na rubela hakumdhuru mtu mwenye afya; asiyepaswa kupewa ni mjamzito au mwenye upungufu mkubwa wa kinga, na hayo ni mazungumzo kati yake na muuguzi, bosi akiwa nje ya mlango. (Na kama binti mwenyewe bado yuko kwenye umri wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, basi tatizo la nyumba hiyo ni kubwa kuliko surua.)

Kifua kikuu kinahitaji maneno yake peke yake, maana hapo sharti la chanjo halifanyi kazi. Kuna waajiri wanaotafuta kovu la BCG mkononi mwa binti wakadhani wamemaliza. BCG huwakinga zaidi watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kikali, kile kinachopanda hadi kwenye utando wa ubongo. Haimzuii mtu mzima kuugua mapafu na kuambukiza. Tanzania na Kenya zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Kinachotakiwa ni uchunguzi, kuanzia maswali ya kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito, na kipimo cha makohozi dalili zikiwapo. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Anayekutwa nacho anatibika, na kwa kawaida akizingatia dawa huacha kuambukiza muda mrefu kabla ya miezi sita ya matibabu kuisha. Kumfukuza ni kumrudisha kwenye chumba chenye watoto wengine.

Pingamizi lililo zito zaidi halihusu tiba. Linahusu nguvu. Dada wa kazi mara nyingi hana chama cha kumsemea mlangoni wala mkataba ulioandikwa, na analala ndani ya nyumba ya anayemlipa. Sharti lolote analowekewa juu ya mwili wake linakaribia kuwa amri. Nalikubali pingamizi hili, na ndiyo maana naona sharti linakuwa halali pale tu linapombana mwajiri kwanza. Virusi havijui nani analipa mshahara. Baba anayerudi saa mbili usiku baada ya kubanana kwenye daladala, shangazi aliyekuja kumwona mtoto, kaka wa darasa la tatu: hao wote wanambeba mtoto na wote wanamkoholea. Nyumba inayomdai dada cheti huku baba hajui kama alichanjwa surua inatafuta mtu wa kumshuku, na kwa kawaida anayeshukiwa ni maskini wa mwisho kuingia mlangoni. Gharama ni za mwajiri, nauli ikiwa ndani yake, na siku ya kwenda hospitali ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Binti akiwa na hofu ya kwamba sindano itamharibu kizazi, uvumi unaosambaa kirahisi, asikemewe. Apewe muda na mtu wa kumuuliza asiyemlipa mshahara. Akikataa hata hivyo, mzazi ana haki ya kutomkabidhi mtoto mchanga. Hana haki ya kumtangaza mtaani.

Upo ukomo mwingine ambao wapenda masharti hawautaji. Chanjo ya kifaduro kwa watu wazima haimo katika ratiba ya taifa, kwa hiyo kumdai dada cheti chake ni kumdai kitu ambacho hata bosi wake hana. Uingereza ilianza mwaka 2012 kuwachanja wajawazito kifaduro ili mtoto azaliwe na kinga. Sisi mjamzito tunamchanja pepopunda na dondakoo. Hadi hilo libadilike, ulinzi wa mtoto ni kumpeleka wiki ya 6, ya 10 na ya 14 bila kuchelewa hata siku moja, na kumwezesha dada anayekohoa kusema kwamba anakohoa. Hatasema ikiwa kusema kunamkata mshahara. Sheria ile ile ya mwaka 2004 ina likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza zikilipwa mshahara kamili, nayo haikusema wafanyakazi wa ndani hawamo. Ni nyumba ngapi zimewahi kumweleza dada kwamba haki hiyo ipo?

Kuna jambo moja ambalo Wizara ya Afya inaweza kulifanya. Mama akisharudi kazini, anayekaa kwenye benchi la kliniki na mtoto wiki ya 14, na tena mwezi wa 9, mara nyingi ni dada huyo huyo. Muuguzi anamwona, anaandika kwenye kadi ya mtoto, anamwambia arudi lini. Chanjo ya surua na rubela iko kwenye kisanduku cha baridi mezani pake. Amuulize na yeye amechanjwa lini, na akitaka, amchanje siku hiyo hiyo, bure.