Aliyehama na Serikali Nzima

Liko swali ambalo kila taifa lenye siasa ya vyama vingi hulazimika kulijibu, lipende lisipende. Mtu akichaguliwa kwa tiketi ya chama kimoja, kisha akavuka kwenda chama kingine kabla muda wake haujaisha, kiti anachokalia ni cha nani? Ni chake yeye, ni cha chama, au ni cha wananchi waliompigia kura?

Sisi twashikilia kwamba ni cha wananchi. Ili sababu zetu zieleweke, twawaalika wasomaji waitazame Haryana, jimbo la kaskazini mwa India linalopakana na Delhi, na hasa maisha ya kisiasa ya Bhajan Lal, aliyeliongoza jimbo hilo kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2011. Hatusemi kwamba ndiye aliyekuwa mwanasiasa mbaya kuliko wote. Twamchagua kwa kuwa safari yake yaonyesha waziwazi jinsi uhamaji ulivyogeuka kutoka tabia ya mtu mmoja ukawa mbinu ya kutawala.

Haryana ilizaliwa Novemba 1, 1966, ilipomegwa kutoka jimbo la Punjab. Katika uchaguzi wake wa kwanza, mwaka 1967, chama cha Congress kilipata viti 48 kati ya 81. Wingi huo haukudumu hata mwezi mmoja. Wabunge wa chama hicho walihama, serikali ikaanguka, na Rao Birender Singh akaingia madarakani kwa msaada wa hao waliohama. Mbunge mmoja, Gaya Lal, aliyekuwa amechaguliwa kama mgombea huru, alibadilisha upande mara tatu katika muda wa majuma mawili hivi. Hapo ndipo Wahindi walipopata msemo ambao wanautumia hadi leo, "Aaya Ram, Gaya Ram", yaani Ram amekuja, Ram amekwenda. Kabla mwaka huo haujakwisha bunge la jimbo lilivunjwa, Haryana ikatawaliwa moja kwa moja kutoka Delhi, na mnamo Mei 1968 wananchi wakarudi tena kwenye foleni za kupiga kura.

Msidhani kwamba Haryana ilikuwa peke yake. Kamati iliyoongozwa na Y. B. Chavan, Waziri wa Mambo ya Ndani wa India, ilipolichunguza jambo hili iligundua kwamba kati ya Machi 1967 na Februari 1968 wabunge walihama vyama mara 438, ilhali katika miaka yote kuanzia uchaguzi mkuu wa kwanza hadi wa nne idadi ilikuwa kama 542 tu. Na ni kipi kilichowavuta? Kamati haikuficha. Kati ya wahamaji 210 katika majimbo saba, 116 walipewa uwaziri katika serikali zile zile walizozisaidia kuundwa. Anayetaka kujua ni kwa nini mbunge amehama, na asimwulize imani yake imebadilika lini. Na aangalie amepewa kiti gani.

Bhajan Lal aliingia bungeni katika uchaguzi huo wa 1968, akiwakilisha Adampur kwa tiketi ya Congress. Mwaka 1977, baada ya utawala wa hali ya hatari wa Indira Gandhi kukataliwa na wapiga kura, alikuwa upande wa chama kipya cha Janata, na akawa waziri chini ya Devi Lal. Miaka miwili baadaye aliwavuta wabunge wa chama, akamwondoa mkuu wake, na mnamo Juni 1979 akawa Waziri Kiongozi wa Haryana.

Lakini kilichomfanya atajwe kote India kilitokea mwezi Januari 1980. Indira Gandhi alikuwa amerudi madarakani Delhi kwa kishindo, na ilifahamika kwamba serikali za majimbo zilizokuwa mikononi mwa wapinzani wake zingevunjwa. Bhajan Lal hakungoja. Alihama pamoja na sehemu kubwa ya wabunge wake, na serikali iliyolala ikiwa ya Janata ikaamka ikiwa ya Congress. Waziri Kiongozi alikuwa yule yule, ofisi ile ile, bendera tu ndiyo iliyobadilika. Mwezi uliofuata serikali tisa za majimbo zilivunjwa. Ya Haryana ilisalimika.

Twaomba wasomaji walitafakari jambo hili kwa makini. Wananchi wa Haryana waliokuwa wameichagua Janata mwaka 1977, wengi wao kwa uchungu wa yale yaliyotendeka wakati wa hali ya hatari, waliamka asubuhi moja wakajikuta wanatawaliwa na chama kile kile walichokikataa. Hakuna aliyewauliza. Kura zao hazikuibwa kwenye sanduku; ziliuzwa baada ya kuhesabiwa kwa haki. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu, lakini angalau alichokiuza kilikuwa chake mwenyewe. Mbunge anayehama na kiti huuza kisicho chake.

Mwaka 1982 mchezo uliendelea. Congress ilipata viti 36 kati ya 90, pungufu ya wingi uliohitajika. Devi Lal na washirika wake walidai kwamba wao ndio wenye idadi ya kuunda serikali, lakini Gavana alimwapisha Bhajan Lal. Wingi alioukosa kwenye kura aliutafuta baada ya kiapo, na akaupata.

Hatimaye sheria ilikuja. Mwaka 1985, chini ya Rajiv Gandhi, katiba ya India ilirekebishwa kwa mara ya 52 ili mbunge anayekihama chama chake apoteze kiti. Ni hatua tuliyo radhi kuisifu, ila ilikuwa na tundu ambalo mwanasheria yeyote angeliona. Mbunge mmoja akihama aliadhibiwa; theluthi moja ya wabunge wa chama wakihama pamoja, hilo liliitwa mgawanyiko na halikuwa kosa. Ni sawa na sheria inayomfunga mwizi wa kuku na kuliachia genge linaloiba zizi zima. Alichokifanya Bhajan Lal mwaka 1980 kingeruhusiwa na sheria hiyo. Ilichukua hadi mwaka 2003 kabla tundu hilo kuzibwa, kwa marekebisho ya 91. Marekebisho hayo pia yaliwazuia wahamaji waliopoteza viti wasipewe uwaziri hadi wachaguliwe upya, na yakaweka kikomo cha mawaziri kuwa asilimia 15 ya wabunge. Waliotunga walielewa kwamba huwezi kuua nzi ukiuacha mzoga.

Hata hivyo lilibaki tundu jingine, na tundu hili lilikuja kumgusa Bhajan Lal mwenyewe. Mwaka 2005 Congress ilishinda viti 67 kati ya 90 akiwa mwenyekiti wake katika jimbo, lakini uongozi wa serikali akapewa Bhupinder Singh Hooda. Mzee akakasirika, na mwaka 2007 yeye na mwanawe, Kuldeep Bishnoi, wakaanzisha chama chao, Haryana Janhit Congress. Katika uchaguzi wa 2009 chama hicho kilipata viti sita. Congress, iliyopata 40, ilihitaji watu. Wabunge watano kati ya wale sita wakavuka, wakidai kwamba vyama vimeungana. Aliyeufundisha umma wa Haryana kuhama kwa kundi alihamwa kwa kundi.

Mwenye mamlaka ya kuamua iwapo watano hao walistahili kupoteza viti alikuwa Spika, aliyetoka upande ule ule walikokwenda. Shauri lilisukumwa mwaka baada ya mwaka, likafika hadi Mahakama ya Juu ya India. Bhajan Lal alifariki kabla halijaisha. Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliwavua ubunge mnamo Oktoba 2014, siku chache tu kabla ya uchaguzi uliofuata. Walikuwa wamekula muda wao wote. Haki ilifika karamu ikiwa imekwisha na sahani zimeoshwa.

Kwetu Kenya jambo hili si geni. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja, na wabunge wake wakavuka kwa kundi kujiunga na KANU. Hakuna aliyerudishwa kwa wapiga kura. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoihama KANU kuingia KPU, katiba ilirekebishwa kwa haraka ili wapoteze viti na wagombee upya. Kuelekea kwenye mamlaka njia ilikuwa wazi. Kutoka kwenye mamlaka palikuwa na lango na askari. Kanuni ya 1966 ilikuwa njema, lakini ilitungwa kwa nia mbaya, nayo haikumgusa aliyevuka kuelekea upande wa watawala kwa kukivunja chama chake. Leo kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinasema mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichomchagua hupoteza kiti. Kifungu hicho chatuhusu sote, nao ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba kinamshika mkubwa kama kinavyomshika mdogo.

Wako watakaotuuliza: je, dhamiri? Mbunge akiona chama chake kimepotoka, afungwe mdomo? La hasha. Apinge, akemee, na apige kura dhidi ya chama chake ikibidi, wala asifukuzwe bungeni kwa kusema kweli. Sheria ya India imekosea pale inapomvua kiti hata mbunge asiyehama ila amekaidi tu amri ya chama katika kupiga kura. Lakini akiamua kuondoka kabisa, na aache kiti mlangoni, arudi kwa waliomtuma. Mwenye dhamiri safi haogopi kuulizwa upya. Na mwamuzi wa mashauri haya awe mahakama, kwa muda uliowekwa, wala si Spika mwenye chama.

Mwezi Agosti 2022 Kuldeep Bishnoi, ambaye alikuwa amekirudisha chama chake ndani ya Congress, alihamia BJP. Safari hii alijiuzulu kiti cha Adampur kwanza. Uchaguzi mdogo ukafanywa, na mwanawe Bhavya akashinda. Hilo hatulilaumu, wananchi waliulizwa wakajibu. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2024, waliulizwa tena, na wakampa kiti mgombea wa Congress kwa tofauti ya kura 1,268. Adampur, iliyokuwa mikononi mwa jamaa hiyo tangu 1968, ikaponyoka.

Ndugu wasomaji, ninyi mlio katika makanisa na katika vikundi vya kutetea haki, mwulizeni kila anayekuja kuomba kura swali moja tu, mbele ya umati: ukihama, utaturudishia kiti chetu? Andikeni jibu lake, na mlihifadhi.