Wacheni Kuita Laga Nyepesi "Maji"

Sawa wasee, leo naanza kwa kujichoma mwenyewe. Mwaka jana nilirekodi video nikionja laga ya kiwanda kimoja kidogo cha hapa Nairobi. Nikapiga funda mbili, nikakunja uso, nikasema, "Hii ni maji imepita karibu na shayiri." Watu wakacheka, wakasambaza, na mimi nikafurahia namba zikipanda.

Miezi miwili baadaye nikaingia baa ya mama mmoja ninayemjua huko Kasarani. Kumbe alikuwa ameanza kuuza hiyo laga, shilingi 250 glasi ya nusu lita. Akaniambia bila hasira, "Kijana wangu, hili ndilo pipa la mwisho. Nimewaambia wasilete lingine. Wateja wananionyesha video yako kwa simu kabla hata hawajaonja." Akanimiminia. "Kunywa, lakini leo umalize glasi."

Nikamaliza. Manze, ilikuwa bia safi. Utamu kidogo wa kimea, uchungu kidogo mwishoni, halafu mdomo unabaki mkavu na unataka funda lingine. Sikuwa nimeionja vibaya tu, nilikuwa nimeihukumu kwa kosa ambalo si lake. Siku ya kurekodi nilikuwa nimetoka kunywa IPA kali mbili. Ulimi ulikuwa umeshakufa ganzi. Ni kama kula pilipili kisha kulalamika kwamba chapati haina ladha.

Na hapa ndipo nawakosoa wanywaji wenzangu wa bia za viwanda vidogo. Tumejijengea tabia mbaya: bia ikiwa chungu sana, nzito sana, au imetiwa maembe na kahawa, tunasema mpishi ni fundi. Ikiwa nyepesi na ya bei nafuu, tunasema amekosa bidii. Ukweli uko karibu kinyume.

Laga ni bia ya baridi. Hamira yake inafanya kazi polepole, mara nyingi kwenye nyuzi 8 hadi 13 hivi, halafu bia inapumzishwa kwenye baridi zaidi kwa wiki kadhaa. Bia za aina ya eli huchachuka kwenye joto zaidi na huwa tayari mapema. Kwa kiwanda kidogo chenye matangi machache, hizo wiki ni pesa imekaa ndani ya tangi. Tena laga nyepesi haina pa kuficha kosa. Kwenye IPA, hopsi zinaweza kufunika madhambi mengi. Kwenye laga, hamira ikikatizwa mapema unapata ladha ya siagi. Kimea kisipochemshwa vizuri unanusa mahindi ya kuchemsha. Kila uzembe unaonekana. Anayeweza kukupa laga safi ile ile wiki baada ya wiki ndiye fundi.

Sasa tuongee bei, kwa sababu bei ni sehemu ya ladha. Kenya ni nchi ya laga. Kenya Breweries ilianza 1922, Tusker ikaja mwaka uliofuata, na leo mtu akitoka kazini akisema "bia", anamaanisha laga. Halafu sisi tunaenda Westlands, tunalipa soo tano kwa glasi moja, tunajiita mapinduzi. Mapinduzi gani hayo yasiyoweza kupanda matatu ya kwenda Githurai?

Na msiniambie kila mara kwamba ni ushuru. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bia ya kawaida unahesabiwa kwa kiasi cha pombe halisi: shilingi 22.50 kwa sentilita. Kwa kiwanda kidogo huru chenye leseni ni shilingi 10. Fanya hesabu. Nusu lita yenye asilimia 4 ina sentilita 2 za pombe. Mkubwa analipa 45, mdogo analipa 20. Najua mdogo ana gharama nyingine: ananunua kimea kidogo kidogo na hopsi zinatoka ng'ambo. Lakini hiyo nafuu ipo, na anayeifikisha kwa mnywaji wa Kasarani anastahili heshima kuliko anayeimeza akaongeza picha ya simba kwenye chupa.

Kuna mtu ataniuliza, "Kama inafanana na ya kawaida, si ninywe tu ya kawaida?" Swali zuri. Jibu langu: mwambie mwenzako akumiminie zote mbili ukiwa umegeuka. Usipoona tofauti, kunywa unayotaka, hakuna dhambi. Mimi nilifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu niliitambua ile ndogo kwa harufu ya kimea, kama mkate uliotoka tu kwa oveni.

Lakini viwanda vidogo pia, msijifiche nyuma ya bei. Udogo wenu si ruhusa ya kuniuzia siagi. Siku hizi naitisha glasi mbili, moja baridi, moja moto kama wazee wetu wanavyopenda. Baridi kali inanyamazisha ulimi, na kasoro nyingi zinajificha humo. Moto haifichi kitu. Halafu naangalia theluthi ya mwisho ya glasi: bado naitaka, au naimaliza kwa sababu nimeshalipa? Mwisho naangalia bei. Ikishindwa hapo, nitasema imeshindwa.

Na rahisi kunywa si ruhusa ya kunywa kumi. Maana yake ni kwamba mbili zinatosha na zote zilikuwa tamu. Halafu uite boda, usishike usukani.

Video ile sijaifuta. Nimeongeza maelezo juu yake kwamba nilikosea, na kwamba kuna mtu aliyepoteza biashara kwa sababu ya funda mbili na uso uliokunjwa. Mama wa Kasarani bado hajairudisha ile laga. Anasema ataagiza pipa lingine wateja wakianza kuiuliza.

Kwa hivyo, ulizeni.