Mpigaji Mtulivu Bado Ana Kazi

Kila kikosi cha kriketi ya ova 50 kinapotajwa, mabishano huwa yaleyale: achaguliwe anayelinda wiketi, au anayeucharaza mpira kuanzia ova ya kwanza? Siku hizi wa pili ndiye kipenzi cha wengi, na madai ya kumtetea hurudiwa bila kupimwa. Tuyapime.

Dai la 1: Kriketi ya leo haina nafasi ya mpigaji wa polepole.
Katika fainali ya Kombe la Dunia la 2023, Ahmedabad, Australia ilitakiwa kupata mikimbio 241 ili kuishinda India. Ilipofikisha 47, wiketi tatu zilikuwa zimeanguka. Travis Head alipata 137, na sifa anastahili. Lakini mwenzake, Marnus Labuschagne, alitumia mipira 110 kupata 58, na hakutolewa. Lengo lilikuwa la kawaida. Kilichotisha ni wapigaji kwisha. Head alishambulia bila hofu kwa sababu upande wa pili palikuwa na mtu asiyeondoka.

Dai la 2: Sri Lanka ilitwaa Kombe la 1996 kwa ukali wa wapigaji wake wa kwanza.
Jayasuriya na Kaluwitharana waliubadilisha mchezo kweli. Kenya iliuonja moto wao mjini Kandy, Sri Lanka ilipofikisha 398 kwa wiketi 5, rekodi ya dunia wakati huo. Lakini kwenye fainali, Lahore, wote wawili walikuwa nje timu ikiwa na 23 tu. Aravinda de Silva akapata 107 kwa mipira 124, Asanka Gurusinha 65 kwa mipira 99. Moto ulipozimika mapema, walikuwapo wa kujenga.

Dai la 3: Tazama kasi tu, wastani hauna maana.
Oktoba 1996, jijini Nairobi, Shahid Afridi alipata mikimbio mia kwa mipira 37. Aliyeshuhudia hasahau. Hata hivyo, wastani wake katika mechi zote za siku moja ulikuwa kama 23: siku nyingi alitoka mapema. Mmoja wa aina yake ni hazina. Ukiwapanga watano mfululizo, utajikuta umebaki na ova nyingi na hakuna wa kuzipiga.

Dai la 4: Mtulivu haiponzi timu.
Hili ni dai la upande wangu, nalo si kweli. Mwaka 1975, Lord's, India ikifukuza 335 katika ova 60, Sunil Gavaskar alimaliza na 36 kwa mipira 174. Na katika fainali ileile ya 2023, KL Rahul alipata 66 kwa mipira 107, akiwa amepiga mpira mmoja tu wa mikimbio minne. India ikaishia 240.

Angalia vizuri: Rahul alikuwa na kasi zaidi kuliko Labuschagne. Lakini Labuschagne alijua hesabu anayoifukuza, na Head alikuwa akiipunguza kila ova. Rahul alikuwa akijenga hesabu ambayo haijulikani itatosha, na hakuna aliyeshambulia kando yake.

Kwa hiyo kocha asiulize tu mchezaji ana kasi gani. Aulize atapiga na nani, na hesabu inadai nini. Siku chache kabla ya fainali hiyo, Pat Cummins alipata mikimbio 12 kwa mipira 68. Mwenzake siku hiyo, Glenn Maxwell, alipata 201, na Australia ikaishinda Afghanistan. Zile 12 ndizo zilizompa Maxwell muda.