Kasoro Isifichwe: Nasaha kwa Wauzaji na Wanunuzi wa Mitumba wa Ikonge

Watu wengi wa Ikonge, na kwa hakika watu wengi wa Nyamira na Kisii kwa jumla, huvaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine katika nchi za mbali, na jambo hilo si la kuonewa haya hata kidogo, maana koti zuri la sufu ni koti zuri, liwe limetoka kiwandani juzi au limetoka kabatini kwa mtu wa Canada aliyelichoka. Linalostahili kuonewa haya ni jingine: ni ile hadaa ndogo ndogo ipitayo baina ya muuzaji na mnunuzi juu ya turubai la mitumba, ambayo tumeizoea mno hata tukaidhani kuwa ndiyo biashara yenyewe. Juu ya hadaa hiyo nataka kusema na jamaa zangu wa pande zote mbili.

Asiyeijua nchi yetu huenda akafikiri kwamba nguo ya mtumba ni pambo la vijana tu. Sivyo. Huku juu kuna baridi na mvua nyingi, na mchuma chai aingiaye shambani alfajiri, majani yakiwa bado yamelowa umande, huhitaji sweta zito kama vile mgonjwa ahitajivyo dawa; mwendesha bodaboda aendaye Chabera usiku akimpeleka abiria hawezi kuifanya kazi ile bila jaketi nene la kukinga kifua; na mama wa Kiadventista, ifikapo Ijumaa mchana, hupita sokoni kwa haraka akitafuta gauni la heshima la binti yake, apate kulifua na kulianika kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Watu hawa hawana fedha ya kupoteza. Shilingi mia mbili aliyoipata mtu kwa kilo za majani aliyoyachuma kwa mikono yake ikitoka kwa nguo mbovu, haikutoka fedha tu, imetoka na jasho la siku nzima.

Mtazame mnunuzi mzoefu atendavyo. Haishiki nguo kwa kuitamani, huishika kwa kuipeleleza: ataigeuza ndani nje, ataangalia kwapani kama pamekuwa na rangi ya njano, ataivuta shingo aone kama imelegea, atapitisha kidole juu ya mishono ya mapaja, ataipandisha na kuishusha zipu mara kadhaa, kisha ataiinua juani aone kama kuna tundu la nondo ambalo kivuli cha turubai kimelisitiri. Mwisho ataileta puani. Ukimwona mtu akifanya hivyo kwa dakika nyingi huku ameinama, na mtoto mgongoni, ujue kwamba hayo hayakuwa mazoea yake tangu mwanzo. Amefundishwa na hasara.

Kwa maana wauzaji wetu nao, nasema hili kwa masikitiko, wana fani zao. Suruali yenye zipu iliyokufa hukunjwa na kuning'inizwa zipu ikiwa imefungwa. Doa hufichwa ndani ya mkunjo uliopigwa pasi kwa uangalifu. Kiatu kilichopasuka nyayo hutiwa gundi na rangi, kikang'aa hata mvua ya kwanza. Na nguo ya daraja ya mwisho, ile iitwayo fagia, huchanganywa na kamera, yaani ile ya daraja ya kwanza, ikatangazwa kwa sauti moja na bei moja. Aghalabu bei yenyewe haifuati nguo, hufuata uso wa mteja: mwalimu aliyevaa tai ataambiwa mia nane, na mkulima aliyesimama pembeni yake ataambiwa mia nne kwa koti lile lile. Kupatana bei ni desturi yetu, wala siilaumu. Ninayoilaumu ni bei iliyojengwa juu ya neno la uongo, kama vile kuapa kwamba nguo haina kasoro ilhali mkono wa muuzaji mwenyewe umeifunika kasoro hiyo.

Hata hivyo itakuwa dhuluma nyingine kumlaumu mama wa kibanda peke yake, kwani yeye ndiye mnunuzi wa kwanza, na pengine ndiye ahadaiwaye zaidi kuliko wote. Nguo hufika Mombasa melini, zikatawanywa Kongowea ya huko huko Mombasa na Gikomba ya Nairobi, kisha zikaja Kibuye ya Kisumu na Daraja Mbili ya Kisii, zikiwa zimekazwa katika belo ambalo kwa kawaida lina uzito wa kilo arobaini na tano, na belo hilo huuzwa likiwa limefungwa. Mama huyu huweka akiba ya chama, au hukopa, akalipa maelfu ya shilingi kwa kitu asichokiona ila karatasi iliyobandikwa juu yake. Analipakia garini, analifikisha Ikonge, anakata mikanda yake mbele ya wateja wanaosubiri, na papo hapo hujua kama amepata au ameangamia. Akikuta nusu yake ni matambara, au ni nguo za kuteleza thelujini ambazo hata baridi yetu haizihitaji, hana wa kumrudishia, kwa sababu tajiri aliyemuuzia alikwisha mwambia tangu mwanzo kwamba belo likifunguliwa halirudi. Ndipo naye, kwa kuwa na watoto wa kuwalisha na mkopo wa kuulipa, hutafuta namna ya kuihamisha ile hasara imwangukie mwingine.

Namhurumia, lakini simkubalii. Dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu aliyeitenda alitendewa kwanza, na mchuma chai hakuwapo wakati tajiri alipomghushi mama. Dawa ni kuirudisha hasara ilikoanzia. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari azihitajizo juu ya bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa ubovu wake. Wala kifungu hicho hakikusema kwamba haki hizo ni za wanunuao katika maduka yenye vioo tu. Kabla ya katiba zote hizi, wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walikwisha amua kwamba mtu akinunua kitu, kisha akaiona kasoro iliyokuwamo ambayo hakuambiwa, ana hiyari ya kukirudisha na kupokea fedha yake. Basi wauzaji wa Ikonge wakishikamana, wakaenda kwa tajiri wa mabelo wakiwa kundi badala ya mmoja mmoja, wakadai belo moja lifunguliwe mbele yao kabla ya kununua kumi, tajiri atawasikiliza, maana naye anahitaji kuuza.

Wako wasemao kwamba yote haya ni kupoteza wino, na kwamba mitumba ingepigwa marufuku tukavaa za kwetu. Naheshimu uchungu wao. Walioviona viwanda vya nguo, Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vikisokota pamba yetu, kisha wakaona milango ikifunguliwa kwa mitumba mwanzoni mwa miaka ya tisini na Rivatex ikiwekwa chini ya wasimamizi wa mali iliyofilisika mwaka 1998, hawasemi ya kubuni. Walakini mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuzifungia nguo zetu soko lake, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia azimio lile ikaondolewa katika nafuu ya ushuru wa nguo mwaka 2018. Tena mwaka 2020, kuanzia Machi hadi Agosti, serikali yetu ilizuia uagizaji kwa hofu ya korona, na wenye vibanda wakaonja njaa. Biashara hii basi itakaa nasi kwa muda, na maadamu itakaa, haifai ikae kwa ghiliba.

Nanyi wanunuzi, msidhani mmesalimika. Yuko achambuaye rundo zima akalitupa chini, sweta jeupe likaangukia tope, kisha akaenda zake bila hata kusema samahani mama. Yuko ashikaye gauni la mia tatu akatoa hamsini, akaapa hana zaidi, ilhali noti imechungulia mfukoni. Yuko pia, na huyu ni mbaya kuliko wote, anunuaye nguo Ijumaa, akaivaa kanisani Jumamosi, akairudisha Jumapili akidai haikumtosha. Mtu wa namna hiyo akilalamika kwamba wauzaji hawarudishi fedha, naye ni mmoja wa waliowafundisha ukaidi huo.

Liko jambo moja ambalo sharti niliseme wazi, kwa sababu wanaume tunalipita kila siku tusilione. Mwanamke anunuaye nguo katika masoko yetu ya wazi hana mahali pa kuijaribu. Huvaa gauni juu ya gauni, au suruali chini ya rinda, macho ya watu yakiwa juu yake na vijana wa pikipiki wakitoa maneno. Na wengi, kwa kuogopa fedheha hiyo, hununua kwa kukisia, wakafika nyumbani na nguo isiyopita mabegani. Hapo ndipo unapoanza ugomvi mwingi wa kurudishiana. Kaunti hukusanya ushuru kwa kila anayetandaza bidhaa zake chini, na ni wajibu wa kaunti kujenga paa, choo na chumba cha kujaribia nguo. Idaiwe hayo bila kuchoka, kwenye mikutano ya wadi na kwa diwani mwenyewe. Ila wauzaji wasingoje bajeti. Nguzo nne za mkaratusi, mashuka mawili mazito ambayo hayakosekani katika mitumba, na kioo kirefu kilichonunuliwa kwa mchango wa vibanda kumi, vinatosha kuanza navyo, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.